Miaka Tisa Niliyojipunguzia

Wewe unayenisoma, umewahi kuulizwa mwaka wako wa kuzaliwa mbele ya mume wako, ukalazimika kwanza kukumbuka ni mwaka gani uliomdanganya nao?

Mimi nimeulizwa. Nina miaka sitini na mitatu. Mume wangu Usumani anaamini nina hamsini na minne.

Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi vidole vyangu vya mkono wa kulia vilivyoanza kufa ganzi. Niliwaeleza gauni la kitenge la mama wa bwana harusi, nililolishona mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi. Yule mama ana roho nzuri, alilivaa hivyo hivyo akajifunika mtandio juu, na mimi nikala wali wa harusi ile nikiangalia sahani tu.

Niliwaeleza pia habari ya pesa ya mukecuru, yaani bibi kizee, kama tunavyomwita hapa Kigali. Ushirika wetu wa mafundi cherehani wa Biryogo ulifungua mfuko wa uzeeni miaka kumi na miwili iliyopita. Mimi nikajiwekea sheria: nguo ya kwanza ninayoimaliza Jumatatu, bei yake si yangu. Ni ya yule mukecuru atakayekuja kukalia kiti changu siku nitakaposhindwa kutunga uzi kwenye sindano.

Jumatatu ya Idi nilimpa. Jumatatu ya msiba nilimpa. Wakati wa korona nilishona barakoa, na barakoa za kwanza za Jumatatu zilikuwa zake. Pesa yenyewe mfuko ulinunulia hisa kwenye jengo la maduka kule mjini, maana sheikh alikwisha kutuuliza habari ya riba. Kodi ya maduka inagawanywa, na gawio la kila mwaka hatulili, linarudi humo humo likakue.

Tuliachana pale mimi na Usumani tulipoketi mbele ya Joselyne, karani wa mfuko, kuomba mukecuru aanze kulipwa. Joselyne ndiye aliyetuandikisha sote siku ya kwanza, wakati huo hajaolewa. Sasa ana mapacha.

Aliangalia kompyuta yake, akaangalia kitambulisho changu, akanigeukia.

"Bi Swafiya, iko bado miaka sita."

"Sita?"

"Mfuko unalipa mtu akifika sitini. Hapa umezaliwa sabini na moja. Elfu mbili thelathini na moja ndiyo utaanza kula."

Usumani akacheka. Yeye hucheka kwa mabega, sauti haitoki.

"Nilikuambia, mdogo wangu. Wewe bado binti. Tuache sisi wazee tutangulie mlangoni."

Mdogo wangu. Ndivyo anavyoniita tangu ndoa. Na mimi namwita mzee. Yeye ana hamsini na minane. Mzee ni mimi.

Halafu kicheko kikamtoka usoni.

"Joselyne, vidole vyake vimekufa. Hata kifungo hafungi, mimi ndiye namfunga. Hakuna njia nyingine?"

"Ziko mbili. Akileta barua ya daktari, mfuko unatoa sasa hivi, lakini nusu tu. Nusu ya pili inabaki kwa wenzake. Ya pili ni kama mwaka uliandikwa vibaya. Wazee wengi waliandikiwa kwa kukisia. Analeta shahidi aliyemjua utotoni, mnajaza fomu, mume anaweka sahihi kwamba anajua, tunapeleka kwenye ofisi ya serikali ya sekta. Lakini fomu za msimu huu mwisho Jumatatu."

"Huyu hakukisiwa," Usumani akasema. "Siku ya kuandikisha vitambulisho nilikuwa nyuma yake kwenye mstari. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sabini na moja, safi kabisa, kama mtoto anayejibu mwalimu."

Mimi niliangalia kalenda ukutani. Ilikuwa ya mwaka uliopita. Nikaisoma miezi yote.

Joselyne akaona nimenyong'onyea, akataka kunifurahisha.

"Usihuzunike, mama. Akaunti yako imenona kuliko za wote. Ziko Jumatatu zako, ziko na Ijumaa."

"Ijumaa gani? Mimi naweka Jumatatu."

Joselyne akamwangalia Usumani. Usumani akaangalia viatu vyake.

"Miaka saba sasa," Joselyne akasema polepole, kama mtu aliyekanyaga pasipofaa. "Kila Ijumaa jioni, kutoka simu ya mzee. Nilidhani unajua. Ya kwake mwenyewe aliisimamisha."

Tulitoka. Tukafika ile barabara iliyofungiwa magari, penye viti vya rangi na wauza chai. Nikamshika mkono wa kanzu.

"Usumani, umefanya nini?"

"Hesabu ndogo tu. Mimi nimekuzidi miaka minne. Na sisi wanaume tunaondoka mapema, angalia mtaa huu, wajane wangapi? Nikiondoka, wewe utabaki miaka kumi, labda ishirini. Binti yetu Ingabire ana mtoto wake wa kulea. Nani atakulisha? Mimi kaburini sili."

"Na ukifika sitini uko hai?"

"Nitakula kwako, mdogo wangu. Utaninyima?"

Akanunua karanga, akanipa mfuko wote.

Hapa nawaomba mnivumilie niwaeleze habari ya Ijumaa, maana hapo ndipo aibu yangu imelala.

Zamani, Ijumaa ikishaswaliwa, Usumani hakugusa cherehani. Alikuwa anakaa na rafiki yake Mutabazi, fundi saa, pale kwa muuza chai, wanacheza igisoro, lile bao letu, mpaka magharibi. Mutabazi alikuwa anadanganya kwenye kete na Usumani anajua, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yao. Alikuwa anarudi nyumbani ananuka tangawizi, ananisimulia nani kamla nani.

Miaka saba iliyopita akaacha. Akawa anatoka msikitini moja kwa moja, anaweka kofia juu ya rafu ya nyuzi, anavuta furushi la sare za shule alizoletewa kutoka Kanombe, kaptura arobaini arobaini. Mutabazi alikuwa anakuja kumwita mlangoni. Usumani anatikisa kichwa.

Na mimi? Mimi nilikuwa namcheka mbele ya wateja.

"Muoneni mzee wangu. Hata Ijumaa anapenda hela."

Wateja wanacheka. Usumani naye anacheka kwa mabega, anaendelea kukanyaga.

Kwa nini alishona? Kwa sababu alidhani ataniacha kijana. Na nani alimfanya adhani hivyo?

Nina thelathini na tano, mwaka wa tisini na saba, nakaa kwa shangazi yangu hapa hapa Biryogo. Mama yake Usumani akaja kuniangalia. Akaketi mkekani, akala sambusa tatu, akafuta vidole, akauliza, "Ana miaka mingapi?"

Shangazi alijibu kabla sijafungua mdomo. "Ishirini na sita."

Mimi niliangalia sahani ya sambusa.

Miaka mingi nilijitetea kwamba sikusema uongo, nilinyamaza tu. Nikasema nitamwambia tukishaoana. Tukaoana, nikasema nitamwambia nikishazaa. Nikamzaa Ingabire, nikasema mama mkwe akisikia nyumba itawaka. Halafu wakaja kutuandikisha vitambulisho vipya. Nilitaka kusema kweli siku ile, wallahi. Lakini Usumani alikuwa nyuma yangu, pumzi yake shingoni. Karani akauliza, "Mwaka?" Mdomo wangu ukatoa sabini na moja. Kuanzia hapo uongo haukuwa wa shangazi tena. Ulikuwa wangu, una picha yangu na namba yangu.

Mama mkwe alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Tangu siku hiyo sikuwa na wa kumwogopa. Nikaendelea kunyamaza.

Basi, siku ile ile ya ofisini niliamua kumalizia nilivyoanza. Nitachukua barua ya daktari. Nitapata nusu, siri itabaki nzima. Nikamwambia Usumani jioni, wakati ananimenyea ndizi.

"Nitachukua ile nusu. Inatosha."

"Nusu inayokatwa ni kiasi gani?"

"Sijui. Nusu."

Akafikiri kidogo, kisu mkononi.

"Ni sawa sawa na Ijumaa zote," akasema. "Nilizijumlisha kichwani wakati tunarudi. Jumatatu zako ni nusu, Ijumaa zangu ni nusu. Lakini kama unaumwa, chukua. Afya kwanza, mdogo wangu."

Akaendelea kumenya. Hakuinua hata macho.

Nilishindwa kula ndizi zile.

Asubuhi ya pili nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, mpaka Rebero, kwa Mugeni.

Mugeni ni mtu niliyeanza naye darasa la kwanza. Benchi moja, kipande kimoja cha chaki tulikivunja katikati. Tumezaliwa mwaka mmoja, yeye kabla ya mavuno na mimi baada yake. Lakini mbele ya Usumani mimi humwita dada. Ningefanyaje? Ningesema nimesoma na mwanamke wa miaka sitini? Kwa hiyo Mugeni akawa dada yangu mkubwa wa mtaani, na Usumani akamheshimu kupita kiasi, anamwita shemeji mkubwa, anamtafutia kiti chenye mto.

Nilimkuta barazani kwa mwanawe, anachambua maharage, miguu juu ya kigoda.

"Swafi. Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi wewe ndiye unaumwa. Hujawahi kupanda mlima huu bila sababu."

Nikamwonyesha fomu. Aliisoma mpaka chini, na midomo ikitembea. Akaiweka juu ya maharage.

"Mimi nalipwa na mfuko huu huu tangu miaka mitatu. Kila mwezi simu inalia, nanunua sukari yangu, simwombi mkwe wangu hata chumvi. Nikikuona bado unakanyaga cherehani nasema, Swafi anapenda kazi. Kumbe ulikuwa umejifungia nje na ufunguo uko ndani ya nyumba."

"Utanishuhudia?"

"Unajua umenifanya nini? Miaka ishirini na minane umenizeesha bure. Mumeo ananiletea mto. Harusi ya Ingabire alinikalisha na vikongwe wa upande wake, wanazungumzia magoti, na mimi nilitaka kucheza ngoma."

"Nisamehe."

"Nitakushuhudia. Lakini sitakwenda sekta kimya kimya. Nitakuja kwenu Ijumaa, na mbele ya Usumani utaniita Mugeni. Ukiniita dada, narudi na kitambulisho changu mfukoni."

Kuanzia siku ile mpaka Ijumaa nilijaribu mara nne kumtangulia. Mara ya kwanza nilisema, "Usumani, nina neno," akaniuliza kama ni gesi imekwisha. Nikasema ndiyo. Gesi ilikuwa haijaisha. Akaenda kununua nyingine.

Ijumaa ikafika. Usumani akatoka msikitini, akaweka kofia juu ya rafu ya nyuzi, akavuta kaptura za kaki. Mimi niliketi kwenye kiti changu, mbele ya cherehani yangu iliyofunikwa shuka.

Mugeni akaingia na mkoba wake mweusi.

"Karibu sana, shemeji mkubwa," Usumani akasema, akasimama. "Mdogo wangu, mpe dada yako kile kiti chenye mto. Amepanda na kushuka milima."

Mugeni hakuketi. Aliniangalia.

"Mugeni," nikasema. "Keti."

Usumani akageuza kichwa. "Leo iko nini? Unamwita dada yako jina kavu hivyo?"

"Si dada yangu. Tulianza darasa la kwanza siku moja, benchi moja."

Alitabasamu, akadhani tunamtania. "Basi shemeji alichelewa sana kuanza shule. Aliingia na ndevu?"

Mugeni akafungua mkoba, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya kaptura.

"Nilikuwa na miaka saba, Usumani. Na yeye saba."

Alikichukua. Alikisoma mbele na nyuma, akakisogeza mbali kidogo na macho, akakisogeza karibu.

"Mwaka wa sitini na mbili," akasema.

"Ndiyo," nikasema.

"Mimi nimezaliwa sitini na saba."

"Ndiyo."

Nikaanza kueleza na sikusimama. Nikamweleza mkeka, sambusa tatu, shangazi, mstari wa vitambulisho, pumzi yake shingoni mwangu. Nikamweleza mpaka gesi. Sikulia, maana nilijua nikilia atanyanyuka kunibembeleza, na hiyo ingekuwa kumwibia mara ya pili.

"Mama alijua?" akauliza.

"Hapana."

"Ingabire?"

"Hapana."

"Shemeji tu."

"Mimi na wewe tulikuwa wawili tulioonewa, Usumani," Mugeni akasema. "Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa najua."

Hakucheka. Alifungua mdomo wa cherehani, akatoa bobini ya uzi, akaiangalia, akairudisha.

"Miaka ishirini na minane unaniita mzee."

"Ndiyo."

"Ukipata kikohozi usiku, nani aliamka?"

"Wewe."

"Maji ya kupanda nayo ngazi, siku bomba likikauka?"

"Wewe."

"Nilikuwa nasema, mkubwa ni mimi, wacha nibebe."

Nikaogopa ule utulivu wake. Nikaitoa fomu, nikaiweka karibu na mkono wake, na kalamu juu yake. Na hapo nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kuufunga mdomo wangu kwa sindano.

"Weka sahihi, Usumani. Mugeni naye ataweka. Jumatatu tunapeleka, wananihesabia upya, tunakula sote wawili. Pesa yote ipo. Hakuna kilichopotea."

"Hakuna kilichopotea," akarudia.

Akaishika kalamu. Akaifunika kifuniko chake, akavuta droo ya vifungo, akaiweka humo, akaisukuma droo ikafunga.

Nje, pale kwa muuza chai, watu walikuwa wametoka msikitini wamejaa. Kicheko cha mtu kikaja mpaka kwetu, na sauti ya kete zikianguka kwenye mbao. Usumani aligeukia mlango.

"Mutabazi alisimama hapo," akasema. "Hapo kwenye kizingiti. Mara ya mwisho alikuja na kete mfukoni, anazichezesha nizisikie. Akaniambia, 'Njoo, leo nitacheza bila kudanganya.' Nikamwambia nina mdogo wa kumlisha."

Mimi niliikumbuka siku ile. Nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Ndiyo siku niliyowaambia wateja, hata Ijumaa anapenda hela.

"Wiki ya pili tukamzika," akasema.

Mugeni aliweka mkono mdomoni.

"Usumani, sema unalotaka," nikamwambia. "Unataka akaunti nikuandikie wewe? Nitaandika yote. Unataka niende kwa Ingabire, nikae huko kwanza? Nitakwenda leo. Sema tu."

Alinyanyuka. Akachukua kofia yake kwenye rafu ya nyuzi, akaipiga vumbi kwenye goti, lakini hakuivaa. Alisimama nayo mkononi, katikati ya mlango, furushi la kaptura nyuma yake na fomu tupu juu ya meza.

Tangu tulipooana sijawahi kusikia jina langu kinywani mwake. Ni mdogo wangu, au Mama Ingabire kukiwa na wageni.

"Sikuwahi kutaka pesa," akasema, bila kunigeukia. "Nilitaka Ijumaa zangu, Swafiya."